Nafundisha Fizikia, usiku natengeneza tovuti. Niache chaki?

*Swali: Habari mtaalamu. Nina miaka 36, ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati katika sekondari ya kata wilayani Mbozi. Tangu Januari mwaka jana najifunza kutengeneza tovuti kwa kompyuta mpakato ya mtumba na bando la usiku. Katika lugha za kutengenezea tovuti nimemaliza HTML, CSS na sehemu kubwa ya JavaScript, yote kwa mafunzo ya bure. Sijawahi kukaa darasa la kompyuta hata siku moja. Sasa kazi mbili zimenijia kwa mpigo. AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya kahawa inataka tovuti ya kurasa sita ili wanunuzi waione; wanatoa shilingi 250,000, na jina la tovuti pamoja na nafasi ya seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, ni juu yangu. Nimeambiwa vyote viwili vitafika kama 120,000 kwa mwaka. Mfanyabiashara wa Tunduma naye anataka duka la mtandaoni, watu walipe kwa simu humo humo. Anatoa 900,000 lakini anaitaka ndani ya mwezi mmoja. Mke wangu anauliza hizo saa nitazitoa wapi, na anaogopa nitaharibu kazi ya serikali. Rafiki yangu anasema niache ualimu nijitose kabla akili mnemba haijazimaliza kazi hizi. Nikiangalia video naelewa kila kitu, nikifunga najiona sijui. Nifanyeje? Na bila cheti nitaaminika?*

Mwalimu, asante kwa kutaja mpaka bei. Wengi huniandikia "nataka kuingia kwenye tovuti, nianzie wapi", nami nabaki nakisia.

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Kazi ya AMCOS ichukue, ila si kwa masharti hayo. Ya Tunduma usiichukue kama ilivyo. Ualimu usiuache sasa. Na mke wako msikilize, maana kati ya watu wote uliowataja ndiye pekee aliyeuliza habari ya saa, na kazi hii kwa mtu mwenye ajira nyingine ni habari ya saa kabla haijawa habari ya ujuzi.

La cheti tulimalize haraka. Mimi nilikuwa mhasibu wa ghala nilipoanza, na katika miaka 11 ni mteja mmoja tu aliyewahi kuniuliza cheti, naye alikuwa anajaza makaratasi ya zabuni. Mwenye gesti au duka la vipuri anauliza mambo mawili: umeshamfanyia nani, na nikikupigia utapokea? freeCodeCamp, ambayo nadhani ni mojawapo ya hayo mafunzo ya bure unayoyataja, ilianzishwa mwaka 2014 na Quincy Larson, mtu aliyetoka kwenye ualimu na uongozi wa shule, akajifunza mwenyewe kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, akiwa ameshavuka miaka 30. Kwa hiyo chaki haijawahi kuwa kizuizi. Cheti kina kazi yake ukitaka ajira ya ofisini au kazi za serikali. Hizo za serikali ziache kwa sasa: tovuti zake ziko chini ya miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na manunuzi yake hupita kwenye mfumo wa NeST. Si mlango wa anayeanza.

Kinachonihangaisha zaidi ni ile sentensi yako ya karibu na mwisho, kwamba ukiangalia video unaelewa, ukifunga hujui. Hapo hujapungukiwa akili. Konda wa daladala amepita njia ile ile mara elfu, anajua kila kituo na kila shimo, lakini mpe usukani uone. Macho yamezoea barabara, mikono haijawahi kuigusa gia. Video inakupa macho ya konda. Kila uamuzi mgumu ameshaufanya anayefundisha: faili liitweje, tatizo liko mstari gani, lipi lianze. Wewe umepokea majibu bila kupita kwenye kuchagua, na kuchagua ndiyo kazi yenyewe. Unalijua hili darasani kwako. Mwanafunzi anayetazama jaribio la pendulamu ubaoni na yule anayehangaika na uzi wake mwenyewe hawatoki na kitu kimoja.

Kwa hiyo zima video kwa wiki sita. Fungua faili tupu, utengeneze tovuti ya AMCOS ya kubuni: ukurasa wa mwanzo, wa kahawa yao, wa mawasiliano. Ukikwama soma MDN, maelezo ya ufundi wa tovuti ya Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox; sehemu kubwa ni maandishi na hayali bando kama video. Utakwama sana wiki mbili za kwanza. Nilipoanza, nilikesha usiku mzima nikitafuta kwa nini picha haionekani, kumbe jina la faili nililiandika kwa herufi kubwa na kwenye msimbo kwa herufi ndogo. Kwenye kompyuta yangu ya Windows ilionekana, kwenye seva ya Linux haikuonekana. Hakuna video iliyonifundisha hilo, na sijalisahau.

Sasa tuje kwenye kazi zako mbili. Ili uone kwa nini naipokea moja na kuikataa nyingine, inabidi tuangalie tovuti inavyofanya kazi mnunuzi anapoifungua.

Mnunuzi anaandika jina la tovuti. Simu yake haijui hilo jina liko wapi, hivyo inauliza mfumo wa majina wa intaneti, DNS, nao unajibu kwa namba ya seva. Simu inaigongea seva hodi, seva inatuma mafaili, kivinjari kinayapanga kuwa ukurasa. Kwa tovuti ya maelezo tu, mambo yanaishia hapo. Mafaili yamelala kwenye seva, yanatolewa nakala, basi. Hata usipoyagusa miezi sita hayachachi. Kinachoweza kuiangusha ni jina kuisha muda, nafasi ya seva kutolipiwa, au seva yenyewe kuzimika, na hilo la mwisho ni tatizo la kampuni iliyokukodisha. Ikianguka saa nne asubuhi uko Kidato cha Tatu unafundisha msuguano, dunia haiishi. Utaishughulikia saa tisa.

Duka lenye malipo ni mnyama mwingine kabisa. Mteja anabonyeza "lipa", ombi linakwenda kwa kampuni ya malipo, simu yake inaombwa namba ya siri, fedha inakatwa. Kisha, na hapa ndipo watu huumia, kampuni ya malipo inaitumia seva yako ujumbe kwamba oda fulani imelipwa. Ujumbe huo unaweza kuchelewa. Unaweza kuja mara mbili, na programu yako isipokuwa makini itarekodi malipo mawili, mzigo utoke mara mbili. Unaweza usifike kabisa kwa sababu seva ilizimika dakika mbili, basi mteja amekatwa fedha na duka linasema hajalipa. Na kama hukuthibitisha ujumbe umetoka kwa nani, kijana mjanja ataughushi na kujitangazia amelipa. Yote haya yana tiba inayojulikana, lakini inahitaji mtu aliyeshawahi kuungua, na inahitaji mtu anayepokea simu saa nne asubuhi. Mfanyabiashara wa Tunduma ambaye mteja wake amekatwa 80,000 bila kupata mzigo hatasubiri kengele ya kutoka.

Halafu hesabu, Mwalimu. Ukitoa vipindi, kusahihisha, familia na usingizi, una saa ngapi kwa wiki? Ukiniambia nane nitakuamini. Ukiniambia ishirini nitampigia mke wako. Saa nane kwa wiki nne ni 32. Duka la namna hiyo halijengwi kwa saa 32, hata na mimi. Hiyo 900,000 ni kubwa kwa macho, lakini utakuwa umeuza muda ambao huna.

Usimkatalie moja kwa moja, hata hivyo. Mwambie ukweli kisha mpe kitu kidogo: orodha ya bidhaa mtandaoni, picha na bei, na kila bidhaa ina kitufe kinachofungua WhatsApp yake kikiwa na jina la bidhaa tayari. Malipo yabaki kwenye Lipa Namba yake anayoitumia dukani kila siku. Fedha haipiti mikononi mwa programu yako. Akikataa, akisema lazima walipe humo humo, mwelekeze kwa mtu mzoefu, na ukiweza omba ufanye sehemu ya kurasa chini yake. Utajifunza malipo kwa kuangalia msimbo wake, na lawama haitakuwa yako.

Turudi AMCOS. Toa 120,000 ya jina na seva kwenye ile 250,000, unabaki na 130,000. Toa bando, tuseme 30,000. Inabaki 100,000. Kurasa sita kwa anayeanza, ukihesabu safari za kwenda kuchukua picha, kumsubiri katibu alete historia ya chama, na mwenyekiti kubadili rangi mara tatu, si chini ya saa 70. Gawanya: kama shilingi 1,430 kwa saa. Linganisha na saa moja ya twisheni mtaani kwako.

Lakini AMCOS si lazima wawe na fedha zaidi, na kuwabana si dawa. Punguza kazi. Waambie 250,000 ni ya ufundi peke yake, kurasa ziwe tatu, na zile 120,000 walipe wao moja kwa moja. Saa zinashuka hadi kama 40. Ukitoa 20,000 ya bando unabaki na 230,000, yaani 5,750 kwa saa. Kurasa nyingine watakuja kuziongeza msimu wa mauzo ukipita. Na kwa uzoefu wangu hawataziongeza, kwa sababu ukurasa wa "Dira na Dhamira" hausomwi na mnunuzi yeyote wa kahawa. Anachotafuta ni kahawa ya aina gani, inalimwa mwinuko gani, inaandaliwaje, kiasi gani kinapatikana, na nani wa kupigiwa.

Nimesema walipe wao moja kwa moja, na hapo sina masihara. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la chama na barua pepe ya chama. Majina ya .co.tz na .or.tz husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Wewe simama pembeni uwaoneshe pa kubonyeza. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nasajili majina ya wateja wote kwa barua pepe yangu, naona ninawasaidia. Barua pepe ile nikaiacha, ilani za kulipia zikawa zinaingia kusikokuwa na msomaji, na nyumba moja ya wageni pwani ikapoteza tovuti yake na barua pepe zake zote wiki ya Pasaka, vyumba vikiwa vimeombwa kwa barua pepe hizo hizo. Mwenye nyumba hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Kijana, hivi hili jina ni langu au lako?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Makubaliano yaandikwe, ukurasa mmoja unatosha. Kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi (mimi hutoa mawili), nusu ya fedha kabla ya kuanza, na muda uanze kuhesabiwa siku utakayopokea maandishi na picha zote, si siku ya kupeana mikono. Hicho cha mwisho ndicho kitakachookoa ndoa yako, maana kazi nyingi huchelewa kwa sababu ya mteja, na lawama huja kwa fundi. Andika pia kwamba unapatikana kuanzia saa tisa alasiri, na kwamba Novemba, wakati wa mitihani ya kitaifa, hupokei kazi mpya. Ukisema mapema ni ratiba, ukisema baadaye ni kisingizio. Na weka ada ndogo ya mwaka ya matunzo, la sivyo utabadilisha namba ya simu ya katibu bure mpaka ustaafu.

Kuhusu WordPress, programu ya kutengenezea na kuendeshea tovuti, ambayo najua utaulizwa: zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaendeshwa nayo, na si aibu kuitumia. Inafaa pale mteja anapotaka kuandika habari mwenyewe kila wiki. AMCOS wataandika habari mbili mwaka mzima. WordPress ina programu nyongeza zinazohitaji kusasishwa, na zisiposasishwa ndiyo njia wezi wanayopitia. Kwa mwenye saa nane kwa wiki, mafaili matupu yanayolala kwenye seva ni rafiki zaidi.

Jambo dogo lenye uzito mkubwa ni picha. Simu itakupa picha ya MB 4. Ukiweka 12 kama zilivyo ni MB 48, na mkulima anayetaka kuiona tovuti ya chama chake anamaliza bando hapo hapo. Zipunguze vipimo, zibane, kila moja isizidi KB 150, na zote 12 zitakuwa MB 1.8. Kisha ijaribu tovuti kwenye simu ya bei ya chini kabisa utakayoiona kijiweni, si kwenye kompyuta yako. Na usikubali kupandisha orodha ya wanachama na namba zao za simu, hata katibu akikuomba. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, matapeli wa simu wasingehitaji zawadi nyingine.

Akili mnemba sasa. Tusidanganyane: bei ya ukurasa wa kawaida inashuka, na anayejua kupanga maneno na rangi tu atabanwa. Zana hizi zinaandika msimbo mwingi kwa dakika chache, nami nazitumia. Lakini haziendi kijijini kupiga picha za vitanda vya kukaushia kahawa, hazimwambii mwenyekiti kwamba wazo lake ni baya, na tovuti ikianguka hazipigiwi simu. Kwako wewe unayejifunza hatari iko kwingine: zitakupa msimbo unaofanya kazi usioujua, na siku ukivunjika utakuwa konda tena. Jaribu kwanza mwenyewe, kisha ipe akili mnemba isahihishe kama unavyosahihisha madaftari. Hoja ya rafiki yako, ya kuacha ualimu kwa sababu ya akili mnemba, inakwenda kinyume. Kama soko linatikisika, ndiyo sababu ya kushika mshahara.

Maana mshahara si ile namba inayoingia mwisho wa mwezi tu. Kuna michango ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na bima ya afya, ambavyo ukiwa peke yako utavilipa mfukoni. Kipimo changu, na ni changu tu, ni hiki: kwa mihula miwili mfululizo kazi za tovuti zikuingizie, baada ya kutoa gharama, kiasi kinachotosha chakula, pango na ada, na asiwepo mteja mmoja anayebeba zaidi ya nusu yake. Usipofika hapo hujashindwa. Wapo wanaobaki na kazi mbili maisha yote wakiwa na amani, na mwalimu ana likizo ya Juni na Desemba ambayo mhasibu wa ghala hakuwa nayo.

Yapo mambo ambayo mimi kwa maandishi sitakusaidia. Kabla hujapokea hata shilingi, nenda kwa afisa utumishi wako uulize utaratibu wa mtumishi wa umma kufanya kazi ya nje, na ukipewa jibu liombe kwa maandishi. Usitumie vifaa wala saa za shule, na tovuti ya shule yako mwenyewe usiitoze fedha. Kisha fika ofisi ya TRA, Mamlaka ya Mapato, uelezwe TIN (namba ya mlipakodi) na namna ya kutoa hesabu ya kipato hiki cha pembeni. Usichukue ushauri wangu wala wa kijiweni. Chama kinapolipia huduma kinaweza kukukata kodi ya zuio ya asilimia 5, basi dai cheti chake, usiishie kulalamika kwamba umepunjwa. Ukiletewa mkataba wa kurasa kumi wenye neno "fidia", mwone wakili. Na kwa ufundi, tafuta mtu wa kukaa naye meza moja. Mbeya si mbali na kwako, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kina wanafunzi wa kompyuta ambao kwa chakula cha mchana watakaa nawe Jumamosi nzima na kukuonesha kosa ambalo ungelitafuta mwezi.

Kabla hujamwonesha mwenyekiti, jipe jaribio moja la Jumapili jioni. Kama tovuti hiyo ina fomu ya mawasiliano, ijaze kama mnunuzi, uone kama barua pepe inamfikia katibu kweli, na isiwe imezama kwenye barua taka. Kisha futa tovuti yote kutoka kwenye seva, uirudishe kwa nakala uliyoihifadhi. Ikichukua zaidi ya saa moja, mwombe mwenyekiti wiki nyingine.